Jinsi Mafia Ilivyotoka Mikononi mwa Sultani wa Zanzibar

Kisiwa cha Mafia, mkabala na mdomo wa mto Rufiji, ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, Tanzania Bara. Hadi mwaka 1890 kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, sawa na Unguja na Pemba. Kutengana kwake na visiwa hivyo kulitokana na mvutano wa Ujerumani na Uingereza katika kugawana pwani ya Afrika Mashariki.

Zamani Mafia ilifungamana na Kilwa, na miji yake mashuhuri ilikuwa Kisimani na Kua. Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) walipoiangamiza Kua mwanzoni mwa karne ya 19, liwali wa Sultani akawa na makao yake kisiwani Chole.

Wajerumani walipoanza kujitwalia ardhi ya bara mwaka 1885, Sultani Barghash alipinga. Tume ya Wajerumani, Waingereza na Wafaransa ilikagua pwani kubaini mamlaka yake yanaishia wapi. Katika mapatano ya Novemba 1886, Ujerumani na Uingereza zilikiri kuwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu ni za Sultani, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikodi sehemu ya kusini ya ukanda huo, wenyeji wakaasi wakiongozwa na Abushiri, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kuingilia kati. Tangu hapo ilitaka pwani iwe yake moja kwa moja, na Mafia, iliyoukabili mdomo wa Rufiji, ikaingizwa katika madai hayo.

Mkataba ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, bila mjumbe wa Sultani miongoni mwa watia saini. Ujerumani iliiachia Uingereza eneo la Witu, karibu na Lamu, na ulinzi wa Zanzibar, nayo Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Uingereza iliahidi pia kumshawishi Sultani Ali bin Said aachie pwani pamoja na Mafia. Fidia yake ilikuwa mark milioni 4. Pwani ya Mombasa, kwa upande wake, ilikodishwa tu kwa Waingereza, hivyo ikabaki mali ya Sultani kwa jina hadi 1963.

Wajerumani walitawala Mafia kutoka Chole, kisha Kilindoni kuanzia 1913. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kama kituo cha ndege zilizoelekeza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Manowari hiyo iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Baada ya vita, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa chini ya Uingereza, lakini Mafia haikurudishwa kwa Sultani. Ilibaki Tanganyika chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo wakazi wa Kiegeani na vijiji vingine vya Mafia walipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, miaka miwili kabla ya Zanzibar. Muungano wa 26 Aprili 1964 uliwaweka tena katika dola moja na Unguja na Pemba, ila mpaka wa 1890 haukufutwa: Katiba ya Zanzibar inataja Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, na Mafia haimo.