Mafaili ya Barzakhi

Mwaka 1985 kampuni ya Amstrad ya Uingereza ilianza kuuza PCW 8256 kwa pauni 399, kodi mbali. Kwa fedha hizo mtu alipata kioo cha maandishi ya kijani, kibodi, printa na programu ya kuandikia iitwayo LocoScript. Waandishi wengi wenye mifuko mitupu waliikimbilia, na ami yangu aliyekuwa akiishi Reading alikuwa mmoja wao. Humo aliandika kumbukumbu za utoto wake Unguja. Alipofariki tulirithi mashine na diski 11.

Diski zenyewe ndizo kikwazo. Amstrad walichagua za inchi 3, ngumu kama kaseti. Dunia ikaenda na za inchi 3.5. Kompyuta ya leo haina pa kuzichomeka. Upande mmoja hubeba kilobaiti 173 hivi, hautoshi hata picha moja ya simu yako. Tena mtambo unaozisoma huzungushwa na mkanda wa mpira, na mpira huo ukizeeka huyeyuka ukawa kama lami. Niliisafisha kwa spiriti na pamba, nikafunga mkanda mpya.

Njia iliyobaki ni waya. Nyuma ya PCW huchomekwa kisanduku kiitwacho CPS8256, halafu waya uliopishanishwa, pa kutumia pakutane na pa kupokelea. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, upande mzima wa diski huvuka kwa dakika tatu tu. Kuvuka si kazi. Kazi ni kusomeka. Ukilifungua faili la LocoScript ya kwanza kwa programu ya leo, herufi tatu za mwanzo ni JOY, kwa kuwa mashine ilipokuwa ikiundwa iliitwa Joyce, jina la katibu muhtasi wa Alan Sugar, mwenye kampuni. Baada ya hapo ni alama za ajabu zilizotapakaa katikati ya maneno.

LocoScript inaweza kutoa nakala ya maandishi matupu, na hiyo husomeka popote. Lakini inafuta mistari. Ami alikuwa akipigia mstari kila neno alilolisikia kwa bibi na asilikute kwenye kamusi yoyote. Bila mistari, maneno hayo yanazama katika mengine. Kwa hiyo nilivusha nakala zote mbili, nikakaa majuma mawili mbele ya kioo cha kijani nikiirudisha mistari kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokumbana na barzakhi. Faili likifutwa katika LocoScript halitoweki. Huwekwa kando, halionekani kwenye orodha mpaka uliombe, na linaweza kurudishwa maadamu nafasi yake haijahitajika. Waingereza wenyewe waliita mahali hapo kwa neno la dini yao, la roho zisizofika popote. Nikaomba orodha. Diski ya nane ilikuwa na faili moja, kilobaiti 14: JANUARI.64.

Sura ya mapinduzi haimo katika kitabu chake. Aliiandika, akaifuta.

Nilimpigia simu shangazi kabla ya kuivusha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ilete, lakini usiisome wewe kwanza." Ilivuka kwa sekunde 15. Nikaichapa kwa herufi kubwa bila kuitazama, nikampelekea. Anayo tangu Ramadhani.