Nyumba Iliyofiwa na Mwenyewe

Mtu akifa, twajua namna ya kumzika. Lakini nyumba yake je, itakuwaje? Swali hili si geni katika nchi ya Tabora, na habari za kale zatuonyesha majibu mbalimbali.

Jibu la kwanza ni la watemi wa Unyamwezi. Mtemi alipofariki, mara nyingi mrithi wake hakukaa katika ikulu ya marehemu, bali alijenga nyingine mahali pengine, na watu wakamfuata. Ikulu ya kale iliachwa, ikarudi kuwa pori. Desturi hiyo ilijulikana na wote, kwa hiyo nyumba ilipoachwa hakuna aliyeona kwamba amedhulumiwa.

Jibu la pili ni la vita. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na boma lenye kuta nene, na Wadachi walilishambulia zaidi ya mara moja wasiliweze. Mwezi wa Januari 1893, Tom von Prince na askari wake walipoingia ndani, Isike aliwasha moto ghala yake ya baruti. Boma na mwenyewe wakaangamia pamoja. Basi unene wa ukuta si dawa ya kuidumisha nyumba.

Jibu la tatu liko Kwihara, mwendo mfupi kwa mtu atokaye Cheyo. Huko palikuwa na tembe walimofikia Henry Stanley na Daktari David Livingstone mwezi wa Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata tarehe 25 Agosti, ndipo akashika njia ya kusini. Mwaka 1873 akafa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake, na mwezi wa Oktoba wakafika nao Kwihara. Walimkuta Mwingereza mwingine, Cameron, naye akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari mpaka pwani.

Tembe lile lilipita mikononi mwa wageni wengi, na maadamu lilikuwa na watu lilisimama. Walipokwisha, likabomoka. Mwaka 1957 lilijengwa upya, likafanywa makumbusho.

Kila ajuaye tembe aelewa sababu. Dari yake ni miti iliyolazwa na kufunikwa udongo. Mvua ikinyesha udongo huchukuliwa, na asipokuwapo mtu wa kuongeza mwingine, maji huingia juu ya ukuta, mchwa hula boriti, dari huanguka, na ukuta hufuata. Nyumba iliyo na mtu hutengenezwa kila mwaka. Isiyo na mtu haihitaji adui mwingine.

Je, nyumba zetu zitapata jibu gani? Sisi si watemi, hata watu wazihame nyumba zetu kwa desturi. Wala hakuna atakayezifanya makumbusho. Katika nyumba zetu hubaki mjane na watoto. Mara nyingi arobaini haijatimia, ndugu wa marehemu wamekwisha kuulizana nani atachukua mlango na nani mabati. Mjane hufukuzwa, ndugu hushindana, na wakati wanaposhindana hakuna apandaye juu kuziba tundu. Hatimaye wote hugawana kifusi.

Wengine husema, "Sheria itamlinda mjane." Lakini sheria ya mila iliyotangazwa Tanganyika mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, haikumpa mjane fungu la urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake, ilisema kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu mtu kuandika wosia, na kwa ajuaye kusoma na kuandika ilitaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.

Msomaji, wewe wajua kuandika. Wako wanaoogopa wosia wakidhani waita mauti. Lakini kuacha kuandika wosia hakumzuii mtu kufa. Keti na mkeo, ita mashahidi, uandike ni nani atakayekaa katika nyumba yako na ni nani atakayeitengeneza kabla ya mvua. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na yaweza kuwa kinga ya mjane wako kwa miaka mingi.