Fahamu adapta za endoskopu: Lenzi ndogo inayoamua kama ufa utaonekana au la

Injini ya ndege haifunguliwi kila inapokaguliwa. Mara nyingi fundi hupitisha mrija mwembamba wenye kamera na taa kwenye ncha, kupitia tundu maalumu za ukaguzi, kisha anatazama kwenye skrini. Kifaa hicho ni endoskopu ya viwandani, au boroskopu.

Shida ni kwamba kamera ya kawaida inaona mbele tu. Ukiipitisha ndani ya bomba, utaona vizuri kule linakoelekea, lakini ukuta wa pembeni utauona kwa mshazari. Ufa mwembamba ukiwa hapo, ni rahisi kuupita bila kujua.

Hapo ndipo adapta inapohitajika. Ni kofia ndogo yenye lenzi, inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu kwenye ncha ya kamera.

Aina kuu ni hizi:

• Ya kuona mbele: Inamsaidia fundi kujua njia anapoingiza mrija.

• Ya kuona pembeni: Ina kioo au prizimu inayopindisha mwanga kwa nyuzi 90 hivi. Inafaa kwa kuta za mabomba na mapanga ya injini. Fundi anazungusha injini taratibu, na kila panga linapita mbele ya kamera.

• Ya kupima: Hii ina lenzi mbili, kama macho mawili ya binadamu. Kompyuta inalinganisha picha hizo mbili na kukadiria urefu au kina cha dosari. Lakini kifaa lazima kijue ni adapta ipi imefungwa, la sivyo kipimo kitadanganya.

Kwa nini usitumie ya pembeni tu? Kwa sababu huoni unakokwenda. Ni kama kuendesha gari huku unatazama dirisha la ubavuni. Ndiyo maana mara nyingi fundi huanza na ya mbele, akishaijua njia anatoa mrija na kubadilisha.

Upana wa picha nao una gharama yake. Lenzi inayoona eneo pana inaonyesha mengi kwa mara moja, ila dosari ndogo huonekana ndogo zaidi. Ya eneo jembamba inaonyesha undani, lakini ukaguzi unachukua muda.

Hatari kubwa ni adapta kudondoka ndani. Injini ikiwashwa na kipande hicho kikiwa humo, kinaweza kuharibu mapanga, na kukitafuta huenda kukalazimu injini kufunguliwa. Ndiyo maana adapta nyingi zina nyuzi za skrubu sehemu mbili: ikilegea ya kwanza, ya pili bado inaishika. Pia ncha inapaswa kunyooshwa kabla ya kuvuta mrija, isije ikakwama.

Hospitalini mambo ni tofauti kidogo. Huko kwa kawaida daktari habadilishi kofia, bali anachagua kifaa chenyewe. Duodenoskopu, kwa mfano, imetengenezwa ikitazama pembeni, kwa sababu tundu la mfereji wa nyongo liko ubavuni mwa utumbo mdogo. Vifaa vigumu vya upasuaji navyo huja na pembe tofauti, zikiwemo za nyuzi 0, 30 na 70.

Kwa hiyo ripoti ikisema "hakuna ufa", swali la kwanza la kuuliza ni hili: kamera ilikuwa inatazama upande gani?