Muhogo, Dagaa na Hukumu ya Dhara: Sura ya Historia ya Chakula Mkoani Mara

Mlango wa vyakula katika vitabu vya fiqhi, kama unavyosomeshwa katika madrasa zetu nyingi, huishia kwenye nguruwe, mzoga, damu na wanyama wenye makucha na chonge. Mlango wenyewe ni mpana zaidi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameeleza katika Rawdha kwamba kila kinachomdhuru mlaji ni haramu kukila, na akapiga mfano wa kioo, jiwe na sumu. Mwanafunzi huipita mas-ala hii haraka, kwani ni nani anayekula kioo? Lakini katika mkoa wa Mara kipo chakula ambacho hutoka ardhini kikiwa na sumu ndani yake, kisha kikaingia katika sinia la familia kikiwa halali na salama. Kinachokitoa katika hukumu moja na kukiingiza katika nyingine ni siku chache za kazi ya mikono ya akina mama. Tunakusudia muhogo mchungu.

Muhogo si zao la asili la watu wa huko. Wazanaki wa Butiama, Waikizu wa Bunda, na Wajita na Wakwaya wa pwani ya ziwa upande wa Musoma walijua ulezi na mtama kabla ya kuujua muhogo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na uliletwa Afrika na Wareno. Ulienea sana wakati wa utawala wa Waingereza. Njaa, na nzige wa miaka ya mwanzo ya 1930, viliwafanya watawala wa Tanganyika kuzilazimisha kaya, kwa amri zilizopitia kwa machifu, zilime mazao ya akiba ya njaa, na muhogo ulikuwa mbele katika hayo. Nzige hula majani, hawali mizizi. Muhogo hukubali udongo wa kichanga uliochoka, na hukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe. Na ule mchungu una sifa nyingine ambayo mkulima huithamini kuliko watu wa mjini wanavyodhani: nguruwe mwitu, nyani na mwizi hawaukimbilii. Uchungu ndio ua wake.

Hapa pana nukta ya kifiqhi inayofaa kutajwa, japo kwa kupita. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, walipoainisha mazao yanayowajibikiwa na zaka, waliweka sharti kwamba yawe chakula cha kutegemewa katika hali ya hiari, si kile ambacho watu hukikimbilia wakati wa dhiki tu. Muhogo wa Mara uliingia kwa mlango wa dhiki. Baada ya vizazi viwili ukawa ndio ugali wenyewe, peke yake au ukichanganywa na mtama, na kuna wazee ambao hawahesabu kuwa wamekula mpaka waone ugali wa muhogo. Kwa hiyo chakula cha dharura kiligeuka kuwa chakula cha hiari, na pamoja nacho ikabidi kurithishwa elimu ya kukitayarisha, mama kwa binti, bila ya kuandikwa popote.

Elimu hiyo ni hii. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na mzizi unapokatwa au kupondwa, hicho huanza kutoa sianidi, sumu iliyo maarufu. Muhogo mtamu unayo kidogo, mchungu unayo nyingi, na ukame huizidisha katika yote miwili. Njia ya Kanda ya Ziwa ni kumenya mihogo na kuiloweka, au kuivundika katika lundo lililofunikwa kwa siku kadhaa hadi ilainike na kuota ukungu, kisha hukwanguliwa, huvunjwavunjwa na kuanikwa juani. Huo ndio udaga. Anayemenya na kuanika moja kwa moja bila ya kuvundika hupata makopa, na kwa muhogo mchungu makopa ya namna hiyo hubakiza sehemu kubwa ya sumu. Ukitazama, vyote viwili husagwa vikatoa unga mweupe.

Mwaka 1985, sawa na 1405 hadi 1406 Hijria, ukame ulipoibana Mara, wilaya ya Tarime kaskazini ya Mto Mara ilipatwa na jambo ambalo watu hawakulijua jina lake. Mtu aliyekuwa mzima jana huamka au hutoka shambani miguu ikitetemeka na kukakamaa, na kwa muda wa siku moja au chache asiweze kutembea kama zamani. Wengi walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Makumi ya watu walipatwa. Dr. William Howlett wa KCMC Moshi, Dr. Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, na Hans Rosling wa Uswidi walilichunguza jambo hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990 katika jarida la Brain. Ulikuwa ni ugonjwa wa konzo, jina la Kiyaka kutoka Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Msumbiji ya kaskazini ilikuwa imeshaonja mlipuko wake mwaka 1981, watu zaidi ya elfu moja wakalemaa.

Haukuwa uchawi wala ugonjwa wa kuambukiza. Njaa ilifupisha siku za kuvundika. Mama mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja siku tano, na muhogo wenyewe mwaka ule ulikuwa mchungu kuliko kawaida. Konzo haina tiba. Haizidi, wala haiondoki.

Jambo la pili lililobainika lina uzito zaidi kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama, nalo ni kitoweo. Mwili wa binadamu huiondoa sianidi kwa kuifunga na salfa, na salfa hiyo huipata katika protini: samaki, nyama, mayai, maziwa, kunde. Konzo humpata yule ambaye wiki kwa wiki anakula ugali wa muhogo usiotayarishwa vizuri na pembeni yake hamna ila majani machache. Sumu ile ile katika nyumba yenye dagaa si sawa na katika nyumba isiyo na dagaa.

Ndipo historia ya ziwa inapoingia. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na samaki wadogo aina ya furu, waliokuwa kitoweo cha maskini, wakapungua hata aina nyingi zikatoweka. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma. Minofu ikasafirishwa Ulaya, na kwa wenyeji wengi yakabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hatusemi kwamba biashara ile ilikuwa haramu, kwani iliwapa watu wengi riziki. Tunasema kwamba chakula kiliondoka mahali ambapo kilikuwa ni kinga. Dagaa amebaki, naye ni neema kubwa, ingawa sehemu yake huishia katika chakula cha kuku.

Masheikh wetu hutuuliza: je, muuzaji wa makopa ana dhima? Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta chini yake mbichi, akamkemea mwenyewe kwa kuificha aibu ya bidhaa. Ubichi ule mkono uliugundua. Sianidi haigunduliwi kwa mkono wala kwa jicho, hivyo anayeijua hali ya unga ni yule aliyeuandaa peke yake. Kwa maoni yetu, anayeuza makopa ya muhogo mchungu kwa jina la udaga amefanya ghushi, na njaa ya mnunuzi haimpunguzii dhima, bali inamzidishia.

Kwa yule ambaye unga umeshafika jikoni kwake naye hajui ulivyoandaliwa, iko njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa Msumbiji, Kongo na kusini mwa Tanzania. Unga huchanganywa na maji hadi ulowe, hutandazwa tabaka jembamba juu ya mkeka au sinia, huachwa kama saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi itoke hewani, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo.