Oili Inatoka Wapi?

Waendesha pikipiki wa Uingereza wana utani wa zamani: ukiona pikipiki ya Kiingereza haivuji oili, ujue oili imekwisha. Ni utani wa watu wanaozipenda mashine hizo. Asiyezipenda hawezi kutandaza kadibodi chini ya injini kila jioni kwa miaka ishirini.

Utani huo uliacha kunichekesha tulipopata doa la kwetu. Mdogo wangu na mimi tulinunua pikipiki iliyotumika, cc 125, ya kazi ya bodaboda, kwa akiba ya kikoba. Kila ilipolala iliacha oili sakafuni, na oili ikishuka sana injini inajisaga yenyewe. Fundi wa kwanza aliinama, akapapasa tumbo la injini, akainuka na hukumu: “Dada, hii ishushwe yote, ifunguliwe. Hizi za Mchina mshono wake haushiki.” Gharama aliyoitaja ilizidi faida ya mwezi mzima. Kabla ya kulipa nikataka kujua kwa nini injini huvuja, na kama kweli kosa ni la mshono.

Hadithi inayopendwa inaanzia mwaka 1937, Triumph walipotoa Speed Twin, kazi ya mbunifu Edward Turner: cc 500, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Kasha la chini la injini lilikuwa na vipande viwili, kushoto na kulia, kama maganda ya karanga. Mshono wake ulishuka wima hadi chini kabisa, mahali oili inapokusanyika. Pikipiki hiyo iliuzwa sana, na baada ya vita BSA na Norton nao wakatoa za silinda mbili kwa mpango kama huo. Kisha mwaka 1969 ikaja Honda CB750, silinda nne, breki ya diski mbele, na starta ya umeme. Kasha lake lilikatwa kwa ulalo, kipande cha juu na cha chini, mshono ukiwa juu ya mahali oili inapotulia. Wasimulizi huishia hapo: Wajapani walilaza mshono, na oili ikaacha kudondoka.

Hadithi hiyo ina tatizo moja. Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, ina kasha lililokatwa wima, kushoto na kulia. Hata yetu ni hivyo hivyo, na zimejaa vijiweni zinazofanana nayo zisizodondosha tone. Mshono wima peke yake hautoshi kuwa mshtakiwa.

Mshtakiwa wa pili ni hewa. Katika Speed Twin pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Zikishuka, hewa ya karibu nusu lita iliyo chini yake inabanwa, maelfu ya mara kwa dakika. Isipopata njia ya kutosha ya kupumua, inaisukuma oili kwenye kila ufa. Wa tatu ni mashine za kiwandani. Nyuso mbili za chuma hushikana vizuri zikiwa zimesawazishwa vizuri, na viwanda vingi vya Uingereza viliendelea kukata chuma kwa mashine zilizochoka. Soichiro Honda, kampuni yake ikiwa bado changa, alianza mwaka 1952 kuagiza mashine mpya za kukatia chuma kutoka Marekani na Ulaya.

Kwa hiyo maswali yalikuwa matatu: mshono, hewa, au uso wa chuma? Tuliosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni, pamoja na cheni, maana grisi ya cheni ikitapakaa hufanana na uvujaji. Ilipokauka tukaipaka poda ya mtoto, mdogo wangu akaendesha kilomita chache. Upepo hurudisha oili nyuma na uzito huishusha chini, kwa hiyo mahali inapodondokea si mahali inapotokea. Unatafuta alama ya juu kabisa na ya mbele kabisa. Mshono ulibaki mweupe. Poda ililowa nyuma ya sproketi ndogo, kwenye sili ya shafti inayovuta cheni.

Lakini sili haichoki bure. Tulifuata mpira wa kupumulia wa injini, tukaukuta umejaa tope kavu. Tulipouzibua na kuwasha injini, pumzi iliyotoka ilikuwa ndogo, na ekzosi haikuwa na moshi wa buluu. Maana yake ringi za pistoni zilikuwa bado nzima, na injini haikuhitaji kufunguliwa. Fundi wa pili alitoa sproketi, akang'oa sili ya zamani kutoka nje, akapachika mpya. Kazi ya chini ya saa moja, na hela iliyobaki ikarudi kikobani.

Injini yetu ni ya ukoo wa Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi waliiunda wakifikiria nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kutwa na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Waliacha mtindo wa vali kuendeshwa na cheni hadi kichwani, wakarudia fimbo za kusukuma vali, mtindo wa kizamani unaostahimili oili chafu. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na ndivyo ilivyofika kwetu. Tunayoiita kwa dharau “ya Mchina” ilibuniwa kwa kufikiria barabara kama zetu.

Nao waliosingiziwa doa la Uingereza? Kiwanda cha Triumph kilihamia Meriden mwaka 1942, baada ya mabomu kuangamiza kile cha Coventry. Wenye mali walipotangaza kukifunga mwaka 1973, wafanyakazi walikikalia, na mwaka 1975 wakaanza kukiendesha kama ushirika. Ushirika ulidumu hadi 1983. Watu hao walirithi mchoro wa enzi za kabla ya vita, na hawakuwa na mtaji wa kuanza upya. Doa la oili lilionekana sakafuni, karibu na miguu yao, kwa hiyo lawama ikawa yao. Kwa kiasi kikubwa uvujaji wenyewe ulianzia juu zaidi, mezani kwa walioamua miaka mingi nyuma kwamba mashine za zamani zinatosha.