Aliomba Oromo, Akapewa Kiswahili

Wasee, ule ushuhuda wa kawaida tunaujua. Mtu anasimama mbele ya kanisa, anasema aliomba kazi akapata, aliomba viza akapata, watu wanapiga makofi, kinanda kinaingia. Sina shida na hiyo. Ninachojiuliza ni habari za wale ambao hawaitwi madhabahuni, mtu aliyeomba kitu kimoja maisha yake yote na akazikwa bila kukiona. Huyo tunamweka wapi? Alikosa imani?

Mmoja wao mnamjua kutoka kwa historia ya shule: Johann Ludwig Krapf. Kwenye mtihani ni jibu la alama moja, Mzungu wa kwanza kuona Mlima Kenya, basi, unaenda swali linalofuata. Lakini hebu tumuangalie huyu jamaa kama mtu aliyekuwa na ombi.

Cha kwanza ambacho wengi hawaambiwi: Krapf hakuwa anaitaka Mombasa. Huyu Mjerumani aliyezaliwa 1810, akatumwa na CMS, shirika la wamishonari la Uingereza, alikuwa Ethiopia kuanzia 1837, na moyo wake wote ulikuwa kwa Waoromo. Enzi hizo wageni waliwaita kwa jina ambalo wenyewe leo wanalikataa. Krapf aliamini kabisa kwamba Waoromo wakiipokea Injili, bara lote litafuata. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake. Mwaka wa 1842 akatoka kule kwenda Misri kumuoa Rosine Dietrich, na aliporudi akapata mlango umefungwa. Walijaribu kupita njia nyingine, na huko jangwani Rosine akajifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi.

Mimi hapo ningesema, Bwana, nimeelewa, narudi nyumbani. Krapf akachukua ramani. Akaona kwamba nchi ya Waoromo inashuka kusini, kwa hivyo labda inafikika kupitia pwani ya Waswahili. Mombasa ilikuwa panya ruti, kusema ukweli.

Januari 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Seyyid Said, Mwislamu, akampa barua ya kumtambulisha kwa maofisa wake, kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu, atendewe vizuri. Miezi michache baadaye Krapf na Rosine wakahamia Mombasa. Ni Julai tu, homa ikawashika wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 akafariki, na mtoto naye akamfuata muda mfupi baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Aliandika baadaye kwamba mkewe katika saa zake za mwisho aliombea jamaa zake, akaombea Afrika Mashariki, akamwombea hata Sultani.

Alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kisha Krapf akawaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani hii, na kaburi hilo ni ishara kwamba kazi imeanza.

Hiyo barua imesomwa kwa mahubiri mingi sana, na kila mara watu wanasema amina. Manze, mimi huwa nakwama. Naielewa kama barua ya mtu aliyefiwa, anayetafuta mahali pa kuweka maumivu yake, na sitamhukumu. Lakini ikisomwa na mtu aliyeshiba, kwa kipaza sauti, inakuwa kama kaburi la Rosine lilikuwa ni gharama ya mradi. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya kaburi la mwenzako ni rahisi. Aliyelipa bei ni Rosine, na kwa vitabu vyetu vya shule hata jina lake huwa halipo.

Sasa angalia kilichokuwa kinaendelea kando. Juni ile ya 1844, mwezi mmoja kabla ya msiba, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekuwa akimsaidia ni kadhi wa Mombasa, Ali bin Muedhin. Ndiyo, kadhi. Mwislamu msomi ameketi na mchungaji Mjerumani, wanatafuta neno la Kiswahili la hiki na kile. Hii picha ingefaa kuwekwa ukutani kwa kila ofisi ya watu wanaopigania dini mtandaoni. Na tusidanganywe kwamba Krapf ndiye aliwafundisha Waswahili kuandika. Mombasa aliyoikuta ilikuwa imetoka kumzika Muyaka bin Haji mwaka wa 1840, na mashairi yalikuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla yake. Alichofanya ni kukiweka Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hizi unazosoma sasa hivi. Sarufi yake ilitoka 1850. Kamusi yake ilitoka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki Novemba 1881. Hata hivyo Kiswahili alichokipenda ni Kimvita, na kilichokuja kuchaguliwa kuwa sanifu ni cha Unguja. Buda hakushinda hata hiyo.

Kwa kipimo cha wamishonari wenyewe, yaani idadi ya watu waliobatizwa, hesabu ilikuwa mbaya. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alifika, wakafungua kituo Rabai. Rebmann akauona Kilimanjaro Mei 1848, Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849 akiwa Ukambani, kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Jina la nchi yetu lilipitia matamshi ya Wakamba likaingia kwa daftari la Krapf. Wataalamu wa Ulaya wakawacheka, ati theluji gani kwa ikweta. Lakini waumini? Wa kwanza aliitwa Mringe, mtu mlemavu, na hakuishi muda mrefu baada ya kubatizwa. Mwaka wa 1851 Kivoi akauawa njiani karibu na mto Tana, Krapf akatoroka peke yake, njaa na kiu vikimmaliza. 1853 afya ikakataa, akarudi Ujerumani.

Rebmann akabaki hadi 1875. Miaka 29 kwa jumla. Mkewe Emma alifariki hapa hapa 1866. Macho yakaisha, akawa kipofu, na bado kanisa la Rabai lilikuwa watu wachache tu. Ukimwuliza mhubiri wa siku hizi wa kuomoka, atakwambia Rebmann hakupanda mbegu vizuri. Na muda wake mwingi aliutumia kuandika kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa, akisaidiwa na Salimini, mtu aliyekuwa mtumwa Mombasa. Lugha ya watu walio mbali kabisa, ambao hakuwahi kuwafikia! Kamusi ilichapwa 1877, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Walioifanya Rabai ichangamke walikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeiombea. Ni Waafrika waliokuwa wametekwa utumwani, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik. Kina William Jones, Ishmael Semler na George David walifika Rabai miaka ya 1860 wakiwa na ufundi na elimu, na mzigo mkubwa wa kanisa la pwani ukaangukia mabegani mwao. Kisha 1875 Freretown ikaanzishwa kwa ajili ya walioachiliwa huru, na kengele yake ndiyo iliyopatia Kengeleni jina. Makanga anaita "Kengeleni! Kengeleni!" kila siku bila kujua anataja nini.

Na lile ombi la kwanza? Krapf uzeeni, huko Ujerumani, bado alikuwa anahangaika na Kioromo. Wakati huo huo, mtoto mmoja wa Kioromo aliyeibwa kwao na kuuzwa mara kadhaa aliachiliwa huru Massawa mwaka wa 1870, akabatizwa kwa jina Onesimos. Huyo Onesimos Nesib, pamoja na Aster Ganno, mwanamke aliyekuwa ametolewa utumwani pia, walitafsiri Biblia nzima kwa Kioromo. Ilichapwa 1899, miaka 18 baada ya Krapf kuzikwa.

Sasa wasee wengine watasema, ona, Mungu alijibu. Inawezekana, mimi pia naelekea huko. Ila sitaki turuke mbio hadi kwa amina. Jibu lilipitia kwa watoto walioibwa, na Mungu ninayemwamini siwezi kusema alipanga wizi wa watoto ili apate watafsiri. Na huyo Onesimos alikuwa na ombi lake mwenyewe, la kurudi kwao. Alijaribu mara kadhaa, njia zikamkataa. Alifika Nekemte 1904, zaidi ya miaka 30 baada ya kuachiliwa. Akaanza kuhubiri na kufundisha kwa Kioromo, wakubwa wa dini wakamshtaki, akanyamazishwa kwa muda. Alikaa huko huko hadi alipofariki 1931.