Pembetano
Pembetano ni umbo bapa lenye pande tano. Isipokuwa na kona iliyobonyea ndani, mistari miwili kutoka kona moja huigawa katika pembetatu tatu, hivyo jumla ya pembe zake za ndani ni nyuzi 540. Kona ikibonyea ndani, pembe yake huzidi nyuzi 180, lakini jumla haibadiliki hata kidogo. Kona za namna hiyo haziwezi kuwa tatu, kwani pembe zake pekee zingepita nyuzi 540. Pande na pembe zote zikilingana, kila pembe huwa nyuzi 108. Vigae vitatu vya umbo hilo vikikutana sakafuni huacha mwanya wa nyuzi 36, na cha nne hakiingii.